Fowili ya trekta ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu trekta ndogo, za hospawa 15 hadi 50 hivi, ambazo fowili yake, yaani mvuto wa tairi zote nne, huingizwa kwa liva ya mkono. Ndizo Kubota, Yanmar na Iseki tunazozikuta kwenye mashamba ya mpunga na bustani, mpya na za mtumba kutoka Japani. Trekta zenye swichi ya umeme nimeziweka mwishoni, maana ugonjwa wake ni mwingine.

Fowili ikoje ndani?

Nguvu ikifika nyuma ya giaboksi inagawanyika. Sehemu kubwa inakwenda difu ya nyuma (difu ni gia zinazogawa mzunguko kati ya tairi ya kushoto na ya kulia), na gia moja ndogo inapeleka mzunguko kwenye shafti inayopita chini ya tumbo la trekta hadi difu ya mbele. Kati ya gia hiyo na shafti kuna kapilingi yenye meno, inayoteleza mbele na nyuma. Ukivuta liva, rodi inazungusha mkono mdogo ubavuni mwa giaboksi, mkono unasukuma foki, na foki inaisogeza kapilingi mpaka meno yaumane. Kinachoizuia isirudi ni kigololi na springi: kigololi kinaingia kwenye kishimo, na hapo ndipo unapousikia ule mlio wa "tak".

Trekta hizi hazina difu ya katikati. Fowili ikishaingia, tairi za mbele na za nyuma zimefungwa pamoja kwa uwiano mmoja usiobadilika, na kiwandani za mbele zimepangwa zikimbie kwa kasi kidogo zaidi ya za nyuma ili zivute badala ya kuburutwa. Kwenye tope tofauti hiyo inamalizwa na kuteleza kwa tairi. Kwenye lami haina pa kwenda, inabaki ndani ya shafti na gia kama msokoto. Nusu ya maswali yanayofuata yanaanzia hapo.

Nitajuaje kama trekta ya mtumba ina fowili, na liva ni ipi?

Tazama chini kwanza. Bomba linalotoka tumboni hadi ekseli ya mbele ndilo kava la shafti. Kisha soma jina la modeli: Kubota huandika DT, Yanmar huweka D mwisho wa namba, Iseki huweka F. Liva mara nyingi iko chini ya kiti, upande wa kushoto. Kwenye trekta zilizotengenezwa kwa soko la Japani maandishi ni ya Kijapani: 前輪 ni tairi za mbele, 入 ni imeingia, 切 ni imetoka. Ukiona pia 倍速, hiyo ni nafasi ya kuongeza kasi ya tairi za mbele wakati wa kukata kona kali. Iache hiyo kwa shamba lenye tope tu.

Ukikuta ekseli ya mbele ina difu lakini bomba la shafti halipo, muulize muuzaji kwa nini. Watu hawaondoi shafti nzima kwa kupenda.

Liva imeingia lakini tairi za mbele hazivuti. Nianze wapi?

Anza nje. Mafundi wengi hukimbilia kufungua giaboksi, wakati hitilafu iko kwenye rodi ya shilingi chache au kwenye pini ya shafti. Kipimo hiki hakihitaji chombo zaidi ya jeki na stendi mbili.

Egesha mahali tambarare na pagumu. Zima injini, tia funguo mfukoni, vuta handbreki, weka mawe mbele na nyuma ya tairi zote mbili za nyuma. Inua mbele. Ekseli ya mbele inacheza kwenye pini yake ya katikati, kwa hiyo usiiache juu ya jeki moja: weka stendi au magogo imara pande zote mbili. Ingiza gia yoyote, kisha ingiza fowili.

Sasa zungusha tairi moja ya mbele kwa mkono. Ya upande wa pili ikizunguka kinyume, usishtuke, hiyo ni kazi ya difu. Mwite mtu wa pili, kila mmoja ashike tairi yake, na mjaribu kuzizungusha zote kuelekea mbele kwa pamoja. Zikigoma baada ya kucheza kidogo, muunganiko ni mzima. Zikikubali kuzunguka, kuna mahali pamekatika, na swali linalobaki ni wapi.

Legeza kava la shafti uitazame shafti yenyewe huku tairi zikizungushwa. Shafti ikizunguka, mbele ni pazima na tatizo liko nyuma: kapilingi haijaingia, foki imepinda, au pini ya nyuma ya shafti imekatika. Shafti ikitulia huku tairi zinazunguka, achana na nyuma, kagua pini ya mbele, krauni na pinioni (gia mbili kuu za difu), na gia za kwenye magurudumu.

Kuna hali ya tatu inayowachanganya wengi. Tairi moja inazunguka bure kabisa, ya pili haijibu, shafti haisogei. Hapo shafti fupi ya upande huo au gia yake imevunjika. Na kwa kuwa difu hupeleka mzunguko kwenye upande ulio rahisi, upande mmoja ukikatika tairi zote mbili za mbele zinapoteza mvuto. Dereva atakuambia "fowili yote imekufa" ilhali ni kipande kimoja.

Kwa nini nisiwashe injini nikaangalia tairi zikizunguka zikiwa juu?

Kwa sababu fowili inavuta pande zote. Ukiinua mbele peke yake ukawasha na kuingiza gia, za nyuma ziko chini na trekta itaondoka juu ya stendi. Ukiinua nyuma peke yake huku fowili imeingia, za mbele ndizo zitakazoiondoa, na wewe uko chini yake. Kipimo cha mkono kinatosha.

Rodi ya fowili inarekebishwaje?

Lengo ni moja: foki ifike mwisho wa safari yake kabla liva haijagonga mwisho wa mfereji wake. Kinyume chake, meno yanaumana nusu tu. Trekta itavuta vizuri wiki kadhaa, kisha ncha za meno zinalika na kuwa butu, na hapo rekebisho la rodi haliponyi tena.

Safisha kwanza. Tope lililokauka kwenye mfereji wa liva au kuzunguka mkono wa giaboksi linaweza peke yake kukata safari ya liva. Osha, vuta liva tena, sikiliza. Nimeona kazi nyingi zikiishia hapo kwenye maji na brashi.

Isipopona, tafuta mahali rodi inapoungana na mkono wa giaboksi. Toa kotapini na pini, uache rodi ikining'inia. Shika mkono wa giaboksi kwa vidole au kwa plaisi na uusukume kuelekea nafasi ya kuingia. Unapaswa kuusikia mlio wa kigololi. Ukigoma, usiupige nyundo: meno yamekutana ncha kwa ncha. Zungusha tairi ya mbele kidogo, itaingia. Irudishe nafasi ya kutoka, sikiliza tena. Fanya hivyo mara kadhaa mpaka mkono wako uzijue nafasi zote mbili. Hapa ndipo unapotenganisha ugonjwa. Kama mkono wa giaboksi unaingia na kutoka vizuri ukiwa umeachana na rodi, ndani hakuna hitilafu, usifungue kitu.

Uache mkono ukiwa umeingia kabisa. Weka liva nafasi ya kuingia, lakini isiguse mwisho wa mfereji, iache nafasi ya milimita mbili au tatu. Sasa legeza loknati ya yoki (kile kichwa chenye tundu mwishoni mwa rodi), zungusha yoki mpaka tundu lake lilingane na tundu la mkono, na pini iingie yenyewe bila kulazimishwa. Trekta za Kijapani kwa kawaida zitakutaka spana namba 10, 12, 14 au 17. Kaza loknati, weka kotapini mpya. Msumari uliokunjwa si kotapini, utalika na kudondoka shambani.

Kisha jaribu upande wa kutoka pia, maana wengi husahau. Rodi fupi mno inaingiza vizuri lakini haitoi kabisa, na kapilingi inabaki ikikwaruza meno siku nzima ukiwa barabarani.

Kama yoki imefika mwisho wa nyuzi na bado haitoshi, tatizo ni uchakavu. Hesabu viungo kutoka liva hadi giaboksi: kila tundu lililopanuka linakula milimita moja au mbili, na ukijumlisha viungo vitatu safari imekwisha. Badilisha pini, na matundu yaliyopanuka yajazwe kwa kuchomelewa na kutobolewa upya. Kwenye rodi na liva kuchomelea kunakubalika. Kwenye gia na kapilingi hakukubaliki, kwa sababu joto linaua ugumu wa chuma na jino halitadumu.

Fowili inachomoka yenyewe nikiwa kwenye mzigo. Ni nini?

Kama rodi imepangwa sawasawa na bado inachomoka, washukiwa wawili wamebaki. Wa kwanza ni springi ya kigololi iliyochoka au kuvunjika. Kwenye modeli nyingi inafikiwa kwa kufungua bolti moja ubavuni mwa giaboksi, bila kugusa gia. Toa bolti, springi itatoka, kigololi utakivuta kwa sumaku. Usilegeze kitu kingine wakati kigololi kiko nje, kisije kikadondokea ndani.

Wa pili ni meno yaliyolika. Meno mazima yana ukingo ulionyooka. Yakishakuwa na mteremko, mzigo wenyewe unaisukuma kapilingi nje, na springi mpya itachelewesha tu. Hapo kapilingi inabadilishwa pamoja na gia inayoumana nayo. Kuweka moja mpya juu ya nyingine iliyokwisha ni kutupa pesa.

Kuna madereva wanaoifunga liva kwa mpira wa ndani ya tairi isichomoke. Inashika kweli, ila sasa foki ndiyo inayobeba mzigo mzima na inasagika. Bei ya foki na kazi ya kuifikia ni kubwa kuliko kapilingi uliyokuwa ukiikwepa.

Liva imekataa kutoka. Nivute kwa nguvu?

Hapana. Ni ule msokoto niliousema juu. Meno yamebanwa na nguvu iliyofungwa kati ya ekseli mbili. Nyoosha usukani, kanyaga klachi, rudi nyuma mita moja au mbili polepole, huku mkono ukiwa umeshika liva bila kuikaza. Itatoka yenyewe. Ikigoma, iweke kwenye udongo laini ujaribu tena. Kama uko kwenye sakafu ya saruji na huna pa kwenda, inua tairi moja ya mbele kwa jeki, nyingine zikiwa zimezuiwa kwa mawe na injini imezimwa. Tairi ikiachana na ardhi msokoto unaachia, wakati mwingine kwa mrusho, basi weka mikono mbali na tairi.

Niingize wakati gani?

Kanyaga klachi, trekta iwe imesimama au inatambaa, usukani umenyooka. Usisubiri mpaka tairi ya nyuma inazunguka kwenye tope ndiyo uvute liva, kwa sababu unaumanisha meno yanayozunguka na yaliyosimama. Ingiza kabla ya kuingia jaruba.

Toa kabla ya kupanda barabarani. Isipokuwa mteremko mkali ukiwa na tela: trekta nyingi ndogo hazina breki mbele, na fowili ikiwa imeingia breki za nyuma zinazishika na za mbele kupitia shafti. Hapo iache, shuka kwa gia nzito, kisha itoe ukifika tambarare.

Nimebadilisha tairi, tangu hapo fowili inavuma na tairi za mbele zinalika haraka. Kuna uhusiano?

Upo, na ndio ugonjwa ghali kuliko yote kwa sababu hauonekani. Uwiano wa gia za mbele na za nyuma ulikatwa kiwandani kwa kipimo fulani cha tairi. Ukiweka za nyuma kubwa zaidi, au za mbele zilizokwisha huku za nyuma ni mpya, mizunguko haipatani tena.

Pima hivi kwenye udongo, trekta ikiwa haina mzigo na upepo wa tairi ukiwa sawa na kitabu. Weka alama ya chaki kwenye tairi moja ya nyuma na moja ya mbele. Endesha polepole na moja kwa moja, fowili imetoka, tairi ya nyuma izunguke mara 10 kamili, na msaidizi ahesabu mizunguko ya mbele hadi robo. Rudia, fowili ikiwa imeingia. Tuseme bila fowili ya mbele ilizunguka mara 16, na kwa fowili 16 na nusu. Toa: nusu. Gawanya kwa 16: karibu asilimia 3. Kwa kawaida inatakiwa kati ya 1 na 5. Ikizidi hapo tairi za mbele zinasukuma kupita kiasi, ndizo zinazolika. Ikishuka chini ya sifuri, za mbele zinaburutwa na za nyuma, na meno yanabeba mzigo upande ambao hayakukusudiwa.

Wakulima wa mpunga, wa Mbarali na Kilombero au wa Mwea na Ahero, waangalie hapa zaidi. Magurudumu ya chuma yanayofungwa nyuma kwa ajili ya kuvuruga tope mara nyingi yana kipenyo tofauti na tairi. Ndani ya jaruba yanateleza na hakuna dhara. Lakini ukipanda tuta gumu au kuvuka barabara ya changarawe huku fowili imeingia na vyuma viko nyuma, unasokota shafti kila mita.

Shafti ya mbele inahitaji nini?

Grisi na ukaguzi, basi. Legeza vibano vya kava, lisogeze, toa tope. Kila mwisho wa shafti kuna kiungo chenye mifereji, mara nyingi kikishikiliwa na pini ya springi. Shika shafti uizungushe kulia na kushoto: ikicheza pembe kubwa kabla ya kushika, mifereji imelika. Pini iliyokatika usiibadilishe na bolti ngumu. Afadhali ikatike pini kuliko pinioni. Paka grisi kwenye mifereji, rudisha o-ringi za kava zikiwa nzima, kwa sababu maji yakiingia humo hayatoki.

Oili ya ekseli ya mbele imekuwa kama chai ya maziwa.

Maji yameingia. Jaruba linafika juu ya sili za magurudumu kila siku, na sili iliyochoka inanyonya maji trekta ya moto inapopoa ndani ya tope. Mwaga oili yote, kwenye difu na kwenye hausingi za gia za magurudumu, kwa sababu mara nyingi kila sehemu ina nati yake ya kumwagia. Badilisha sili, kisha jaza oili mpya ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu, mara nyingi SAE 80W-90, hadi tundu la kupimia. Oili hii nzito husafiri polepole hadi ncha za ekseli, subiri kidogo na upime tena, itakuwa imeshuka. Safisha pia kipumulio cha ekseli. Kikiziba, shinikizo linazitoa hata sili mpya.

Kelele ya "kah-kah" nikikata kona?

Kwenye ardhi ngumu, fowili ikiwa imeingia: toa fowili. Ikiendelea hata ikiwa imetoka, angalia meno ya gia za kona kwenye magurudumu na beringi zake. Usiendeshe ukisubiri msimu uishe, maana kipande cha jino kikidondoka kinazunguka na oili na kusaga vingine.

Naweza kuondoa shafti nikaendelea kulima?

Unaweza. Ondoa shafti nzima na kava, ziba tundu la nyuma ili oili isivuje na vumbi lisiingie, liva iache nafasi ya kutoka. Kumbuka umepoteza mvuto wa mbele na ule msaada wa breki mteremkoni, kwa hiyo punguza mzigo wa tela.

Vipuri nitavipataje kama modeli yangu haijulikani dukani?

Beringi na sili hazihitaji jina la trekta. Beringi ina namba pembeni: 6206, kwa mfano, ni tundu la milimita 30, upana wa nje 62, unene 16, iwe imetoka kwenye trekta au pampu ya maji. Sili imeandikwa vipimo vitatu, cha ndani, cha nje na unene. Nenda na namba, au na kipuri chenyewe, kwenye duka lolote la beringi, Gerezani ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi. Kapilingi, foki na gia ni habari nyingine: hizo zinataka modeli kamili na namba ya fremu, na ni vyema kuhesabu meno kabla ya kulipa.

Giaboksi lazima lifunguliwe. Nijiandae na nini?

Na chombo kikubwa cha oili, kwanza. Kwenye trekta nyingi ndogo oili ya giaboksi ndiyo hiyo hiyo ya haidroliki, na ni lita nyingi. Baadhi ya modeli zina kapilingi ya fowili kwenye kijiboksi kilichofungwa chini kwa bolti, kazi ya nusu siku. Nyingine zinalazimu trekta kugawanywa katikati. Jua yako ni ipi kabla ya kukubaliana bei na fundi, na badilisha gasketi na sili zote utakazozifikia.

Yangu ina swichi badala ya liva, na fowili haitoki.

Trekta nyingi zenye swichi huingiza fowili kwa springi na kuitoa kwa shinikizo la oili. Maana yake umeme ukikatika, fowili inabaki imeingia. Kagua fyuzi, kisha waya wa solenoidi (vali inayofunguliwa kwa umeme) uliolika na panya au kutu, kisha sikiliza solenoidi ikigonga swichi inapobonyezwa. Ikigonga na bado haitoi, pima shinikizo la oili kabla ya kulaumu klachi ya ndani. Na trekta ya aina hii ikizimika njiani, soma kitabu chake kabla ya kuivuta kwa kamba, kwa sababu injini ikiwa imezimwa hakuna shinikizo la kuiachia ekseli ya mbele.